Gari Lililomkonyeza Mstaafu

Jumatatu, tarehe tatu Februari 2025, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa uani nikianika mabuibui yangu ya kazini, kaka yangu mkubwa alipopiga hodi kwa sauti ile ile aliyoitumia kwenye msiba wa mume wangu. Alikuwa ametoka Chake kwa shughuli moja tu, kanzu imenyooshwa pasi, na mkononi ameshika mfuko wa sukari. Mtu wa kwetu haji na sukari siku ya kazi ila ana jambo. Nikamkaribisha ndani, nikamtilia chai, na mama mkwe wangu, ambaye ninaishi naye, akauvuta mkeka wake hadi karibu na mlango wa ukumbi, akisema kwamba kofia anayoishona inahitaji mwanga. Mwanga ulikuwa upande wa pili.

Kaka aliimaliza chai yote kabla ya kusema. Kisha akanijulisha kwamba nimeposwa. Mposaji ni mstaafu wa forodha, mgane, mtu wa heshima zake, anayekaa peke yake katika nyumba iliyo njiani kwetu hapa Jadida, mjini Wete, na ambaye kila alasiri huketi barazani na gazeti. Wazee wake wawili walikuwa wamefika Chake, wakapokewa vyema, na kaka akawajibu kwa neno la kheri. Wangekuja kwangu Ijumaa kukamilisha mazungumzo, kwa kuwa Ramadhani ilikuwa inakaribia na mstaafu hakutaka tena kufuturu peke yake.

Nilimwuliza, kwa upole ambao siku zile nilikuwa nao mwingi kwa sababu ya uchovu, ilikuwaje akajibu kabla ya kuniuliza. Kila aliyepita chuo cha Kurani utotoni anajua kwamba msichana idhini yake ni kunyamaza, lakini mwanamke aliyekwisha kuolewa hana budi kutamka kwa ulimi wake. Mimi sikuwa nimetamka. Hata kunyamaza sikuwa nimenyamaza, maana sikuulizwa.

Kaka alitazama ndani ya kikombe kitupu.

"Umemkonyeza," akasema.

"Nani kamkonyeza nani?"

"Weye. Umemkonyeza mzee wa watu kila siku saa kumi, mbele ya baraza, watu wakiona."

"Kwa jicho gani, kaka, na miye nikiendesha huvaa miwani ya jua?"

"Si la kwako," akasema. "La gari."

Sindano ya mama mkwe ilisimama kofiani.

Sina budi kulieleza gari hilo. Lilikuwa wazimu pekee wa marehemu mume wangu. Alikuwa afisa wa kilimo, mtu wa kupima na kupima tena, aliyekunja soksi zake jozi kwa jozi na kuzima redio kabla ya kutoka chumbani ili isizungumze peke yake. Alipokaribia kustaafu, bila ya kumwambia mtu, aliagiza kutoka Japani, kwa kupitia dalali wa Unguja, gari dogo la spoti, jekundu, la zamani kuliko baadhi ya walimu wenzangu, lenye viti viwili tu, na hapa ni kisiwa ambacho baiskeli hubeba watatu. Lilikuwa chini mno. Ukiketi ndani yake macho yako hulingana na ya mbuzi. Kule Wingwi, kulikokuwa na shamba la kwao, liliweza kufika nusu ya njia. Nusu iliyobaki tuliitembea kwa miguu, naye akigeuka kila mara kulitazama kana kwamba amemwacha mtoto kwa jirani.

Taa zake za mbele zilikuwa zimefichwa ndani ya boneti. Ukibonyeza swichi, vifuniko viwili huinuka na taa zikatokeza juu kama macho ya chura; ukibonyeza tena, zinalala, na boneti inakuwa laini kama hapakuwa na kitu. Mume wangu hakuchelewa kuzipatia kazi. Kwetu kumpita mtu mzima bila ya kumwamkia ni utovu wa adabu, na ndani ya gari lile hapana aliyeweza kukuona wala kukusikia. Basi akawa analiamkisha gari lenyewe. Akifika penye mzee, taa zinainuka, zinasimama kidogo, zinalala. Wazee walipendezwa sana. Imamu wetu alikuwa akilijibu kwa kuinua bakora. Haukupita muda ila desturi ikakomaa, na siku moja mume wangu aliposahau kuziinua, alifuatwa hadi nyumbani kuulizwa kama amekasirishwa na nani.

Alipofariki na mirathi ikagawiwa, niliambiwa katika fungu langu nichague: mikarafuu kadhaa ya Wingwi au gari. Nilichagua gari. Mashemeji zangu walilirudia swali, wakidhani sikusikia vizuri. Mkarafuu hukupa karafuu na gari hukupa moshi, walinieleza, kwa huruma. Sikuweza kuwafahamisha. Mikarafuu ile ilikuwapo kabla ya mume wangu na ingekuwapo baada yangu. Lakini gari lilikuwa ndicho kitu pekee alichokinunua maishani mwake bila ya sababu.

Nikakaa eda yangu, ndani, bila ya kutoka hata kwenye baraza ya mbele. Nilipoimaliza nikarudi kufundisha. Asubuhi ya kwanza nililikuta gari mbele ya nyumba, taa ya kushoto imesimama. Nilibonyeza swichi: ya kulia ikainuka, ikalala, ya kushoto ikabaki pale pale, wima. Kwa kuwa ilikuwa ikiwaka usiku na haikunizuia kwenda, nililihesabu kosa dogo la uzee, nikaendelea kutoa salamu kwa taa moja, kama mtu aliyebeba kikapu kwa mkono mmoja anavyosalimia kwa mwingine. Hivyo ndivyo nilivyoiona hali, kutoka kitini kwangu.

Siku ile kaka alinichukua nje, akanisimamisha mbele ya gari, naye akajikunja hadi akaingia ndani. Akabonyeza swichi. Taa ya kushoto ilikuwa ikinikodolea. Ya kulia ikainuka, ikanitazama, kisha ikafumba, taratibu, kwa kujiamini, kwa sababu mota yake nayo ilikuwa imechoka. Nimefundisha vijana kwa miaka mingi na nimeona ukonyezaji wa kila namna madarasani. Sijapata kuona uliokamilika namna ile.

"Tena," nikamwambia kaka.

Akarudia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na ndoo akageuza uso upande wa pili, kwa haya.

Hapo ndipo mambo ya wiki zile yaliponifunukia. Imamu alikuwa amebadilisha njia ya kwenda msikitini. Mwenye duka la vitambaa, Mhindi mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa na mtindo mpya wa kuingia ndani ghafla kila nikipita, na mimi nilimhurumia nikidhani ana maradhi ya tumbo. Nilikuwa nimemkonyeza kila mwenye mvi katika mji wa Wete, mjane wa juzi juzi, nimetoka eda na rangi nyekundu. Wote walikimbia. Mstaafu peke yake ndiye hakukimbia.

Nilimwambia kaka awaambie wazee wale kwamba ni ubovu wa gari. Kaka akauliza kama nimefikiri. Mstaafu alikwisha kuwajulisha binti zake walioolewa Unguja. Alikwisha kuipaka nyumba chokaa na mlango rangi ya kijani, na kila aliyepita akimwuliza kuna nini, hujibu kwa tabasamu. Sasa mji mzima uambiwe kwamba aliyemtamani ni taa mbovu?

"Utamvunja mtu," kaka akasema. "Atakuwa hadithi ya vijiweni mpaka siku tunamzika."

Hilo ndilo lililokuwa mbele yangu. Nikinyamaza, nitakuwa nimeozeshwa na taa ya gari. Nikisema vibaya, mtu mwema atachekwa kwa umri wake wote uliobaki. Na kusema vizuri sikuweza, maana utamwelezaje mtu kwamba ni ubovu, na huku ubovu wenyewe unaendelea kumkonyeza? Nilimwomba kaka aniache mpaka Ijumaa. Kwanza nilitengeneze gari. Kisha nitatamka, kwa ulimi wangu, na nitatamka neno langu mimi.

Wakati kaka anavaa viatu, mama mkwe akauliza, bila ya kuinua macho kwenye kofia, nyumba ya mstaafu ina vyumba vingapi. Kaka akasema anavyodhani ni viwili. Mama mkwe akaitikia "aa," akarudi kwenye sindano yake. Nilielewa anahesabu kama kimoja kitakuwa chake. Asipokaa na mimi, angelazimika kwenda Wingwi kwa mwanawe mwingine, na yeye na mke wa huyo mwanawe hawajawahi kukubaliana hata juu ya namna ya kukuna nazi.

Fundi alikuja Jumanne. Alikuwa fundi wa mjini, mzoefu wa pikipiki na mashine za boti, mtu mkunjufu mwenye jibu kabla ya swali. Alilizunguka gari mara kadhaa, mikono nyuma, kama anayekagua ng'ombe wa kununua.

"Mwalimu," akasema, "gari hii imeona kitu."

Nikamwuliza imeona kitu gani.

"Kitu cha kuifanya ilale jicho moja."

Kisha akaacha mambo ya ghaibu, akahukumu kwamba mota imeungua na nyingine itatoka Japani, na kwa kadiri anavyowajua watu wa meli, tungeipokea Ramadhani nyingine. Ila kwa kuwa mimi ni mwalimu na alimheshimu marehemu, angenitafutia njia ya mkato. Njia ya kwanza ilikuwa kuinua taa ya kulia pia na kuikata waya, zote zibaki wima. Akafanya. Mama mkwe akatoka kutazama, akasema limetokwa na macho utadhani limepewa khabari ya msiba, na miye na buibui langu ndani yake tutawatisha watoto. Waya ukarudishwa. Njia ya pili ilikuwa kuilaza ya kushoto kwa nguvu na kuifunga. Fundi akailalia kwa kifua chake. Ikashuka shingo upande, ikilalamika. Akaifunga kwa ndani na ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Boneti ikawa laini. Fundi akaipiga kofi la ushindi.

"Sasa imefumba yote mawili," akasema, "kama maiti aliyefungwa vizuri." Halafu akakumbuka lilikuwa gari la nani, akaniomba radhi, akamwomba radhi mama mkwe, na kwa kuwa alikuwa bado na haya iliyobaki, akaliomba radhi na gari.

Jumatano nilikwenda kazini salama. Nilikusudia kurudi kimya, nipite mbele ya nyumba ya mstaafu bila ya kuinua kitu, na kuhusu utovu wa adabu Mungu angenisamehe. Saa kumi nilifika. Nyumba ilikuwa nyeupe pe. Mstaafu alikuwa barazani, kanzu safi, gazeti limefunguliwa. Mbele ya nyumba ile kuna tuta, na gari langu halipiti tuta lolote bila ya kuliburura tumbo juu yake. Lilipanda, likakwaruza, na chini ya boneti nikasikia mlio kama wa kofi. Ukanda ulikuwa umekatika. Taa ya kushoto ikafyatuka juu. Papo hapo injini ikazima.

Mtu aliyefadhaika hutafuta kitu cha kubonyeza. Mimi nilibonyeza swichi. Ya kulia ikainuka, na kwa nukta moja gari likawa na macho mawili ya heshima, na laiti ningeishia hapo. Nikabonyeza tena. Likafumba moja. Safari hii halikuwa likipita. Lilikuwa limesimama, karibu, mbele ya mlango wake.

Mstaafu aliteremsha gazeti. Akatazama upande wa msikiti. Akatazama upande wa duka. Njia ilikuwa tupu. Kisha, kwa uzito wa mtu anayegonga muhuri, akanikonyeza.

Hakuwa na ujuzi wowote. Macho yalifumba yote mawili, mdomo nao ukafuata, mabega yakapanda, na akabaki hivyo kwa muda, kama mtu aliyeingiwa na sabuni. Nadhani alikuwa akisubiri kuhakikisha kwamba limefika.

Nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu msiba. Nilikuwa nimedhani kwamba kitu hicho nacho kilikwenda pamoja na mwenyewe. Nililalia usukani nikacheka mpaka miwani ikaanguka. Niliposikia ndara zake nikajikaza. Alikuwa ameshuka ngazi ya baraza na kusimama mbali kidogo, pale mtu wa heshima anaposimama, mikono nyuma.

"Mwalimu," akauliza, "gari imezima au imefika?"

Ningeweza kumwambia kila kitu pale pale. Nilimtazama. Alikuwa na chembe ya chokaa sikioni.

"Imezima, mzee," nikasema.

"Basi isukumwe," akasema, bila ya kubadilisha sauti, akawaita watu wawili dukani, akakunja mikono ya kanzu na kusukuma pamoja nao mpaka injini ikawaka. Nikaondoka bila ya kugeuka. Njia nzima nilijua jambo moja zaidi ya nililolijua asubuhi: mtu huyu sitaki achekwe na mwingine yeyote.

Alhamisi nilimwita fundi tena. Safari hii nilikuwa nimetoa kijitabu cha gari, ambacho kilikuja nalo na ambacho chote kimeandikwa Kijapani. Mume wangu alikuwa akikisoma kwa kutazama picha. Fundi alikishika, akakigeuza juu chini, akasema yeye na kitabu hiki hawajuani. Lakini katika ukurasa mmoja palichorwa taa, chini yake mota, na mkono wa mtu ukiwa umeshika kifundo kidogo na kukizungusha, pamoja na mshale. Tukafungua boneti. Kifundo kilikuwapo, kimefichwa chini ya kifuniko cha mpira, mahali penye nafasi ya kuingia paka. Mkono wa fundi haukupita. Alinijulisha kwamba Wajapani wana mikono midogo, na kwamba hilo si kosa lake. Wa kwangu ulipita.

Nilikizungusha. Kikakaza. Nikaongeza nguvu, kikatoa sauti ya kusaga, na kutoka ndani ya gari ikapanda harufu ambayo kila Mpemba amezaliwa nayo.

Fundi aliinamisha pua kwenye mota. Akainuka, akanitazama kwa mashaka.

"Mwalimu," akasema, "hii inanukia pilau."

Tukafungua skrubu za kifuniko cha mota. Ndani yake na katika kila kiungo cha mikono ya chuma inayoinua taa mlikuwa na karafuu. Nyingine zilikuwa nzima, na vichwa vyake. Nyingine zimesagwa na meno ya mota hadi zikawa uji, na uji ukakauka kama lami. Nilizitoa kwa shazia, sindano ile ndefu ya mama mkwe ya kushonea majamvi, moja baada ya moja, mpaka kiganja kikajaa. Kisha nikamwita mwenye sindano.

Alizitazama kiganjani mwangu, akachukua moja, akaivunja kwa kucha.

"Hizi hazikuwa zimekauka vizuri," akasema.

Tukakaa kwenye ukingo wa baraza na akanieleza. Mimi nilipokuwa ndani ya eda, mavuno yalikuwa yamepamba moto. Fungu lake la karafuu kutoka Wingwi lilipoletwa, pembezoni mwa barabara pote pamekwisha kutandikwa majamvi ya wenzake, na baraza zimejaa. Akaliona gari: boneti pana, linapigwa na jua tangu asubuhi, la moto kama kikaango. Akatandika jamvi juu yake. Lakini boneti imeinama, jamvi likawa linateleza na karafuu zinamwagika. Hapo akakumbuka kwamba mwanawe alimwonyesha swichi. Akainua taa zote mbili, akalikingia jamvi kwa nyuma yake, likakaa. Alianika hivyo siku kadhaa, na majirani wakamsifu. Halafu siku moja mvua ikaja ghafla. Akazoa haraka haraka, na kabla ya kufagia zilizobaki pembeni akabonyeza swichi ili jamvi liachie.

"Moja ikalala," akasema. "Ya pili nikaisikia inatafuna."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Nikwambie nimeliharibu gari la mwanangu? Nalo ndilo ulilochagua, ukaacha mikarafuu?" Akaizungusha ile karafuu iliyovunjika vidoleni. "Halafu likaanza kukuletea mchumba. Nikasema pengine ni kheri, mtoto mzima usikae na kizee. Halafu nikasema pengine si kheri." Akajifuta kucha kwa kanga. "Wingwi kuna vumbi."

Hilo ndilo alilolisema juu ya jambo hilo, na sijamsikia akilirudia. Nilimjibu kwamba popote nitakapokwenda, na kwa mtu yeyote, gari lina viti viwili, na cha pili ni chake yeye. Alikwenda ndani akarudi na tambara lake la kusafishia taa ya chemli, akaniambia niache kupakata uchafu, kisha akasimama juu ya kichwa cha fundi kuhakikisha kwamba kila kiungo kimeoshwa kwa mafuta ya taa na kupakwa grisi. Jioni nilibonyeza swichi. Taa zote mbili zikainuka pamoja, zikasimama, zikalala. Fundi akasema ndivyo alivyotarajia. Baadaye nilisikia mjini kwamba amelitoa jini lililokuwa limejigeuza viungo vya pilau.

Ijumaa wale wazee wawili walikuja, wakaketi ukumbini na kaka. Mimi nilikaa nyuma ya pazia, kama inavyostahiki. Baada ya dua na sambusa, niliwashukuru, nikawaambia kwamba mimi ni mtu mzima na jibu langu ni la kutamka, na kwamba kwa kuwa mposaji ni mtu wa kalamu na mimi pia, nitamtamkia kwa maandishi, mkononi mwake, yeye peke yake. Mmoja wao akakohoa. Akauliza, kwa adabu, kwani ule mkonyezo wa gari umehesabiwaje.

Kaka alifikiri. Kaka yangu si mwanachuoni, lakini siku ile Mungu alimfungulia. "Gari halina ulimi," akasema, "na walii wake wa kumwozesha sikuwa mimi."

Wazee wakalizungumza hilo baina yao kwa makini, wakaliona lina nguvu, wakachukua sambusa nyingine.

Kwa wiki zilizofuata nilipita saa kumi kama kawaida, na gari likaamkia kama zamani. Imamu alirudi kwenye njia yake. Mwenye duka la vitambaa alipona tumbo. Mstaafu aliinua mkono kila siku. Lakini taa zilipokuwa zinalala, zote kwa pamoja, niliona kila mara anaikawilia ile ya kushoto kwa macho, akisubiri. Sikuweza kuendelea kumtazama akisubiri. Jumatano ya mwisho kabla ya mwezi kuandama nikaandika barua, nikaipeleka mwenyewe. Ameniruhusu kuinakili hapa, kwa sharti kwamba niseme alifumba jicho moja. Nimemkatalia, maana nilikuwapo.

*

Kwa Bwana wangu wa heshima,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta katika afya njema.

Nimechelewa kukujibu kwa kuwa nilitaka jibu liwe langu. Kwanza sina budi kukwambia ukweli, nao ni huu: sikukukonyeza. Mama mkwe wangu alianika karafuu juu ya boneti wakati wa mavuno, zikaingia kwenye mota ya taa, na taa moja ikawa hailali. Nilidhani nakuamkia. Wanaolijua hilo ni mimi, kaka yangu, mama mkwe, na fundi, ambaye kwa bahati njema anasimulia kisa kingine.

Pili, mjane hana budi atamke, basi natamka. Sitaki kuolewa. Si kwa kasoro yako, sijaiona. Ni kwamba mpaka leo kila ninapoingia garini husogeza kiti mbele, kama kwamba ni marehemu aliyeendesha jana. Mtu wa namna hiyo hafai kupelekwa nyumba iliyopakwa chokaa upya. Sijui nitaacha lini, na sitaki usubiri kwa ajili ya jambo nisilolijua.

Watakaokuuliza, waambie umeghairi wewe, kwa kuwa hukupendezwa na mwanamke mwenye gari lisilo na adabu. Mimi nikiulizwa nitasema ni kweli, na kaka yangu nimekwisha kumwambia. Yale uliyoyafanya siku lile gari lilipozima mbele ya mlango wako hakuna atakayeyasikia kutoka kwangu bila ya ruhusa yako. Lakini ujue kwamba yalinichekesha, na kwamba nilikuwa na haja ya kucheka kuliko nilivyokuwa na haja ya kusukumwa. Kwa yote mawili nakushukuru.

Nimesikia hupendi kufuturu peke yako. Nyumba yetu ina watu wawili na sufuria la watu kumi. Kuanzia siku ya kwanza ya mwezi tutakuletea sahani kabla ya magharibi, kwa mlango wa mbele, kweupe, njia ikiwa na watu. Mama mkwe ndiye atakayeibeba. Anasema kijani cha mlango kimependeza, ila aliyepaka amekipitisha kwenye dirisha.

Nakuomba tu sahani ukiirudisha, usiirudishe tupu. Yeye huangalia.

Wako katika heshima,
Mwalimu